Usiku sita kwenye hema, milima ya Vosges: cha kuogopa na cha kuachana nacho

Posti ya leo ni ndefu, nimeigawa vipande sita. Anayenyonyesha asome sasa hivi mtoto akiwa ametulia. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kwanza.

Wengi mmeniuliza: dada nesi, likizo ya kiangazi ndiyo hii, watoto wako nyumbani wiki sita na ushee, nauli ya watu wanne kwenda Tanzania hatuna, tufanye nini? Nawajibu kwa kuwaeleza tulichofanya sisi. Tunaishi Ujerumani, karibu na mto Rhine. Ukivuka daraja tu uko Ufaransa, Alsace, na ukiinua macho unaiona milima ya Vosges. Mwezi Agosti tulilala kwenye hema usiku sita, bonde la Munster, kambini kando ya mto Fecht. Tulikuwa mimi, baba watoto, mwanangu wa miaka minane na mdogo wake wa kike wa miaka minne. Jina la kambi silitaji, sijalipwa kutangaza. Ukiingia lile bonde utakuta vibao vya "Camping" barabarani, uchague mwenyewe.

KIPANDE CHA 1: KWANI NYUMBA IMEKUWAJE?

Nilimpigia mama kumuaga. Yuko Lushoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo, kesho tunakwenda Ufaransa, tutalala kwenye hema. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za msiba: "Kwani nyumba imekuwaje?"

Nyumba haijambo mama. "Sasa mna nyumba, mna vitanda, mnakwenda kulala turubaini kama watu wa mafuriko?"

Tulicheka sana. Lakini swali lake ni la wengi wetu. Kwetu hema ni la wakimbizi, la wanajeshi, au la watalii wanaopanda Kilimanjaro. Mtu na akili zake hachukui wanawe akawalaze nyasini kwa hiari.

Sasa niwaambie ninachokiona kazini, wodi ya watoto. Mama zetu wengi wanaoishi huku wananiambia, "Nesi, mimi mwanangu simtoi nje, ataumwa." Nawaelewa kabisa. Kule nyumbani mtoto analelewa na mtaa. Akianguka, mama jirani anamwinua. Akikosea, babu wa kona anamkaripia. Huku mtaa mzima ni wewe peke yako. Huna bibi, huna shangazi, lugha inakupiga chenga, na likitokea jambo hujui hata pa kuanzia kueleza. Basi unafunga mlango. Televisheni inalea.

Mwezi wa tisa shule inafunguliwa, mwalimu anasema kila mtoto achore likizo yake. Mtoto wa wifi yangu alichora kochi na televisheni. Vizuri kabisa, hadi rimoti akaiweka. Wifi aliponionyesha ile karatasi hakucheka, na mimi sikucheka.

Ndiyo sababu ya posti hii. Sisemi nje hakuna hatari, mimi ni nesi, hatari nazipokea mlangoni. Ninachosema ni kwamba tunaogopa visivyostahili, halafu vile vya kuogopwa kweli tunavipita hatuvioni. Tukijua kipi ni kipi, mlango unafunguka.

KIPANDE CHA 2: UPEPO HAULETI NIMONIA

Tuanze na hofu namba moja, baridi.

Siku ya pili tulipanda Hohneck. Usiogope jina, ni mlima wenye mita 1,363. Kwa watu wa Lushoto, ni karibu kimo kilekile unachokaa ukinywa chai asubuhi mjini. Gari unaliacha kwenye njia ya juu inayoitwa Col de la Schlucht, mita 1,139, kwa hiyo mtoto anapanda kidogo tu. Ni kilomita kama 4 kufuata mgongo wa mlima. Binti yetu alitembea nusu, nusu iliyobaki akabebwa na baba yake.

Njia za kule hazipotezi mtu. Kuna chama kinaitwa Club Vosgien, kilianzishwa mwaka 1872, na wanachama wake wanapaka alama za rangi kwenye miti na mawe, milima yote ile. Kuna mistatili, misalaba, pembetatu na miviringo. Sisi tulifuata mstatili mwekundu. Mwanangu alipewa cheo cha mkuu wa alama. Mtoto wa miaka minane ukimpa kazi ya kutafuta alama hakuulizi "bado sana?" hata mara moja. Ukiona alama ya pete, jua ni njia ya mzunguko, inakurudisha ulipoanzia. Kwa familia yenye watoto wadogo, tafuta pete. Ukiona kibao cha Sentier des Roches pale Schlucht, mpite. Ni njia nzuri lakini ina miamba, ngazi za chuma na makorongo marefu. Waachie wakubwa.

Kule juu hakuna msitu, ni malisho matupu, na ng'ombe wa Kivosges weusi kwa weupe wana kengele shingoni. Tuliona pia wale mbuzi-mwitu wa milimani waitwao chamois, wamesimama kwenye mwamba kana kwamba hakuna shimo chini yao. Mababu zao waliletwa pale mwaka 1956 kutoka Msitu Mweusi, yaani upande wetu wa Ujerumani. Mwanangu akasema, "Kumbe na hawa wamehamia."

Sasa baridi. Nimonia inaletwa na vijidudu, bakteria na virusi. Upepo hauibebi. Mtoto hapati nimonia kwa sababu amepigwa na upepo mlimani. Tena vijidudu vinaambukizana zaidi watu wakijifungia chumba kimoja bila hewa. Kwa hiyo ile ya kumvalisha mtoto masweta manne mwezi Agosti, halafu anatoka jasho hadi fulana inalowa, haimkingi.

Cha kuogopa ni mtoto aliyelowa akapigwa na upepo, maana mwili uliolowa unapoteza joto haraka, na mtoto ni mdogo, hana akiba. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka takriban nyuzi 6, kwa hiyo bondeni unaweza kuvaa kaptura, juu ukatafuta koti. Beba fulana kavu, soksi kavu, na koti jepesi la mvua. Mtoto akitetemeka, mbadilishe nguo, mpe kitu kitamu, shukeni. Akiacha kutetemeka huku bado wa baridi, amelegea na anasinzia, hiyo ni dharura. Na radi: kiangazi mvua ya radi inapenda kuja mchana baada ya saa nane. Panda asubuhi. Ukisikia ngurumo uko kwenye mgongo wa mlima, safari imeisha, shuka.

Jua nalo lisisahaulike. Ngozi yetu inatukinga zaidi lakini haituzuii kuungua. Kofia na losheni ya jua zinatuhusu pia.

KIPANDE CHA 3: UKAGUZI WA JIONI

Hapa ndipo nataka msome taratibu.

Mama wengi wakisikia msitu wanauliza nyoka, wanauliza wanyama wakali. Mnyama wa kuogopwa Alsace ni mdogo kama punje ya ulezi, na wengine ni wadogo zaidi. Ni kupe. Mashariki ya Ufaransa ni miongoni mwa sehemu za nchi ile zenye ugonjwa wa Lyme kwa wingi, na Lyme inaenezwa na kupe. Kupe haruki na hadondoki kutoka mtini. Anakaa kwenye nyasi na vichaka vifupi, mtoto akipita anamdandia, kisha anapanda polepole kutafuta ngozi laini.

Kwa hiyo kila jioni, baada ya kuoga, kwetu kulikuwa na ukaguzi. Tochi mkononi, mtoto anasimama, tunaanza kichwani. Nyuma ya masikio, mstari wa nywele, shingoni, kwapani, kitovuni, mapajani kwenye maungio, nyuma ya magoti, katikati ya vidole. Mwanangu alikuwa anahesabu kwa sauti kama askari. Binti alikuwa anajikunja kwa kucheka. Dakika tano kwa mtoto.

Siku ya tatu jioni nikamkuta. Nyuma ya sikio la binti, palepale nywele zinapoanzia. Doa jeusi dogo, ungesema ni uchafu. Nikalisugua kwa kidole, haliondoki. Nikasogeza tochi, nikaona miguu.

Mama zangu wenye watoto wa kike, msuko wa mistari unasaidia sana hapa, maana ngozi ya kichwa inaonekana. Pitia mstari mmoja mmoja kwa tochi. Nywele zikiwa zimeachiwa, chambua kwa vidole taratibu, utasikia kitu kigumu kama kidonda kikavu.

Namna ya kumtoa: chukua kibano chenye ncha nyembamba, au kile kijiti chenye ndoano kinachouzwa famasi kwa kazi hiyo. Mshike karibu kabisa na ngozi ya mtoto, usimshike tumboni. Ukitumia kibano, vuta moja kwa moja, taratibu, bila kumkamua. Ukitumia ndoano, zungusha pole pole hadi aachie. Kisha safisha kwa dawa ya vidonda.

Msimpake mafuta. Msimpake vaselini, wala mafuta ya taa, wala spiriti kabla ya kumtoa, wala msimchome na njiti ya kiberiti. Najua bibi zetu walifanya hivyo kwa mbwa na ng'ombe. Kupe akisumbuliwa anaweza kutapika ndani ya ngozi, na kinacholeta ugonjwa kiko humohumo tumboni mwake. Mtoe mapema na mtoe mzima. Kipande kidogo cha mdomo kikibaki, usichimbe na sindano, ngozi yenyewe itakisukuma.

Halafu andika tarehe. Mimi niliandika kwenye simu na nikapiga picha mahali penyewe. Kuanzia hapo unaangalia kama mwezi mmoja. Wekundu mdogo siku mbili za mwanzo ni kama wa kuumwa na mbu, unapita. Unachotafuta ni doa linaloanza siku kadhaa baadaye na linaloongezeka ukubwa siku hadi siku, mara nyingine likiwa kama pete.

Na hili vitabu vingi havilisemi vizuri. Picha zote mnazoziona za doa la Lyme ni za ngozi nyeupe, pete nyekundu inayowaka. Kwenye ngozi yetu linaweza lisiwe jekundu kabisa. Linaweza kuonekana la zambarau, la kahawia iliyokoza, au kama mahali mtoto alipojigonga. Kwa hiyo usisubiri wekundu. Angalia kama linapanuka. Lizungushie kalamu kwenye ukingo, kesho uone kama limevuka mstari. Likivuka, nenda kwa daktari, mwambie kupe, mwambie tarehe, mwonyeshe picha. Lyme inatibika kwa antibiotiki, na ikiwahiwa inatibika vizuri.

Kupe wa kule anaweza pia kubeba virusi vinavyoshambulia ubongo. Hivyo havina dawa ya kuviua, ila chanjo ipo. Kwa mnaoishi kusini mwa Ujerumani, maeneo mengi yamo kwenye orodha ya hatari, kwa hiyo muulizeni daktari wa watoto. Chanjo inatolewa kwa awamu, ukitaka mtoto awe amekingwa kiangazi anza majira ya baridi.

Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, dawa ya kufukuza wadudu. Mtoto ataonekana mshamba kwenye picha, sawa tu. Binti yangu yuko salama, mwezi umepita, shingo yake haina kitu.

KIPANDE CHA 4: MAJI HAYAPIGI KELELE

Watoto wakiulizwa sehemu gani ilikuwa nzuri kuliko zote, hawasemi mlima. Wanasema mto. Pale kambini Fecht kiangazi ni mto wa mawe, na tulipokaa sisi maji yalikuwa chini ya goti. Kutwa nzima walikuwa wanajenga bwawa la mawe na watoto wa Kifaransa na Kiholanzi. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walikuwa wanaelekezana kwa vidole na bwawa likajengwa. Mimi nilikaa kwenye jiwe, miguu majini, simu imebaki kwenye hema.

Simu kubaki kwenye hema ni sehemu ya matibabu. Mtoto anayezama hapigi kelele, hapungi mkono kama kwenye sinema. Anashindwa kuvuta hewa, atapigaje kelele? Anazama kimya, na inachukua muda mfupi kuliko kujibu ujumbe mmoja. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, mtu mzima awe umbali wa kumfikia kwa mkono. Mkiwa wazazi wawili semeni kwa mdomo: sasa ni zamu yako. Watoto wengi wanazama watu wazima wakiwepo, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia.

Siku ya nne tulivuka Schlucht kwenda Gérardmer. Lile ndilo ziwa la asili kubwa kuliko yote Vosges, takriban hekta 115, lilichongwa na barafu enzi za zamani, na liko mita 660 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni mazuri kwa macho na baridi kwa mwili. Msirukie. Lowesha kwanza mikono, shingo, tumbo, ingia kidogo kidogo. Mwili wa moto ukitumbukia ghafla kwenye maji baridi unavuta pumzi bila hiari, na pumzi hiyo ikivutwa chini ya maji ndiyo mwanzo wa ajali.

Ogeleeni pale penye waokoaji. Bendera ya kijani, ruhusa. Ya njano, kuogelea kunaruhusiwa lakini kuna hatari. Nyekundu, hakuna kuingia. Maboya ya mikononi ni ya kuchezea, yanaweza kuchomoka au kutoa upepo, kwa hiyo hayachukui nafasi ya macho yako. Tulipokodi mashua, wote tulivaa jaketi okozi, pamoja na baba watoto aliyekulia pwani na anayedai yeye ni samaki.

Na kwa mnaoishi Ujerumani: mtoto akipata ile beji ya kwanza ya Seepferdchen tunashangilia, tunapiga picha. Tushangilie, ni hatua. Lakini ni beji ya kuanza tu. Mtoto mwenye hiyo bado si mwogeleaji salama. Anayehesabika hivyo ni mwenye beji ya shaba inayofuata.

KIPANDE CHA 5: JIBINI, MATUNDA PORI, NA MKAA

Milimani Vosges kuna mashamba yanayopika chakula, yanaitwa ferme-auberge. Mkulima ana ng'ombe zizini na meza barazani. Unakula pai ya nyama, viazi vilivyopikwa taratibu sana na vitunguu, kisha jibini la Munster, kisha keki ya matunda meusi ya porini. Mtoto anakula huku akimwangalia ng'ombe aliyetoa maziwa. Kwa ndugu zangu Waislamu: pai na viazi vile mara nyingi vina nyama ya nguruwe. Ulizeni mapema, semeni "sans porc", na pigeni simu kabla ya kwenda ili muandaliwe kitu kingine.

Jibini la Munster lina harufu. Baba watoto alidhani mtoto amejichafua. Lakini ladha yake ni tulivu, mimi nililipenda. Kwa mtoto wangu wa miaka minne, hapana, na sababu haikuwa harufu. Munster nyingi, hasa za shambani, zinatengenezwa kwa maziwa mabichi, yasiyochemshwa. Kwenye lebo utaona "au lait cru". Maziwa mabichi yanaweza kuwa na aina ya bakteria wa E. koli ambao kwa mtoto mdogo wanaweza kuharibu figo, na yanaweza kuwa na listeria, ambayo kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Mamlaka za afya za Ufaransa zenyewe, nchi ya jibini, zinashauri watoto chini ya miaka 5 na wajawazito wasile jibini laini la maziwa mabichi. Hili si jambo la wageni kuogopa cha watu. Wapeni jibini gumu la kupikwa kama Comté, nalo linatoka hukohuko mashariki, milima ya Jura. Binti alikula Comté, akaomba tena.

Matunda yale meusi yanaitwa myrtille, yanaota chini kwenye vichaka, Julai na Agosti, na yanatia ulimi rangi ya zambarau. Watoto walichuma kikombe kizima. Kanuni yetu: unachuma, huli hapohapo. Mbweha wa mashariki ya Ufaransa wanaweza kubeba mnyoo mdogo sana, mayai yake yakamwagika na kinyesi kwenye mimea ya chini. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra lakini ni mbaya, unakula ini taratibu kwa miaka. Kuosha kunapunguza, friji ya nyumbani haiyaui mayai, kupika kunayaua. Tulirudi kambini tukachemsha kwenye jiko la gesi na sukari kidogo, tukapaka kwenye mkate. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Sasa mkaa. Hapa natoa sauti ya nesi.

Moto wa kuni msituni umekatazwa. Sheria ya Ufaransa hairuhusu wapita njia kuwasha moto ndani ya msitu wala umbali wa chini ya mita 200 kutoka msituni. Kambini utaonyeshwa pa kuchomea nyama. Chomeni, kuleni, furahini. Lakini usiku Vosges kuna ubaridi hata Agosti, na mtu anaona mkaa bado una moto, anasema auingize kidogo kwenye hema watoto wapate joto.

Usiingize. Hata kidogo, hata ukiacha zipu wazi, hata mkaa ukionekana umekufa na majivu juu. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Unasikia kichwa kinauma, unasinzia, unadhani ni uchovu wa mlima, na huamki. Watoto wanadhurika haraka zaidi. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa wote tumesikia habari ya familia iliyolala na jiko ndani msimu wa mvua. Hema ni dogo kuliko chumba chochote. Jiko la gesi nalo ni hivyohivyo, linapikiwa nje. Watoto wakisikia baridi: soksi, kofia, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, na godoro linalowatenga na ardhi, maana baridi kubwa inatoka chini.

KIPANDE CHA 6: KORONGO WALIOFUNGIWA

Siku ya mwisho tulikwenda Hunawihr, kijiji cha mizabibu kaskazini ya Colmar. Kuna bustani ya korongo weupe, ndege wenyewe wa Alsace, utawaona hadi kwenye vikombe vya dukani.

Katikati ya miaka ya 1970 Alsace yote ilikuwa imebakiwa na chini ya jozi 10. Korongo hawa wakati wa baridi huruka kwenda Afrika Magharibi, na wengi walikuwa hawarudi. Ukame wa Saheli, nyaya za umeme njiani, mabwawa yaliyokaushwa. Wale tunaowaona sisi Serengeti wanatoka mashariki zaidi mwa Ulaya, wanapitia mto Nile. Basi mwaka 1976 kituo cha Hunawihr kikaanza kuwafungia. Korongo mchanga anawekwa kwenye uzio miaka mitatu, hadi hamu ya kusafiri inamtoka. Akifunguliwa haendi tena. Anabaki Alsace baridi yote, analishwa, anazaa.

Ilifanikiwa. Leo wako wengi sana. Mwanangu alisoma maelezo na baba yake, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hawa hawaijui njia?"

Nikamwambia hao wa kwanza waliisahau. Lakini wajukuu zao waliozaliwa huru, wengi wameanza tena kuondoka vuli ikifika. Na siku hizi hawafungiwi tena, maana hakuna haja.

Akakaa akiwaangalia muda mrefu. Mimi niliwaza wodi yangu, na mama wanaoniambia "simtoi nje." Kufungia kulikuwa na sababu. Hakuna aliyewafungia korongo kwa ubaya. Ila lilikuwa jambo la muda, na kuna siku uzio ukafunguliwa.

Basi mama zangu, kabla hamjafunga begi, haya machache:

Bebeni pasipoti na vibali vya kuishi. Kadi ya bima ya Ujerumani, igeuze nyuma, kwa wengi ndiyo kadi ya bima ya Ulaya. Dharura ni 112 popote Ulaya, na Ufaransa gari la wagonjwa pia ni 15. Pigeni picha ya kibao cha kambi chenye jina na kijiji, ili ukipiga simu kwa hofu uwe na cha kusoma. Kibano au ndoano ya kupe, kipimajoto, dawa ya homa kwa uzito wa mtoto, dawa ya vidonda, plasta, tochi. Maji ya bomba ni ya kunywa, lakini chemchemi yenye kibao "eau non potable" msinywe. Na kodi ya wageni inayotozwa kwa usiku ni ya watu wazima, walio chini ya miaka 18 hawalipi, kwa hiyo kagueni risiti.

Si lazima usiku sita. Anzeni na mmoja. Si lazima Vosges, na mto wa karibu na kwenu unatosha. Mtoto akirudi shuleni awe na kitu cha kuchora.

Maswali ya kupe na chanjo niulizeni, nitajibu nikitoka zamu. Mshirikishe mama mwenzio ambaye unajua amefunga mlango. Usiku mwema.